Pumzi ya Mizizi

Saladi zilikuwa zimelala. Jana jioni Meneja aliziacha majani yamesimama wima, mabichi, yamejikunja pembeni kama marinda ya gauni jipya. Asubuhi hii yalikuwa yameanguka juu ya ubao kama matambara yaliyosahauliwa na mtu. Alisimama mbele ya mboga hizo na kikombe cha chai mkononi, chai ikapoa, asijue pa kuanzia.

"Zina kiu," alisema mama mkwe wake, aliyekaa mlangoni akichambua mchele kwenye sinia.

"Kiu ya nini, mama? Mizizi yenyewe imo ndani ya maji."

"Basi hayatoshi. Mmea ukinyauka unataka maji. Hilo hata mbuzi analijua."

Meneja halikuwa jina lake, wala hakuwahi kuwa meneja. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, na kiwanda kilipofungwa majirani wakampandisha cheo siku ileile mwajiri alipomwachisha kazi. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima, wapo waliomwita kwa kejeli, naye aliwaitikia wote kwa sauti moja. Alichotoka nacho kiwandani ni mabeseni makubwa ya kufulia yaliyokosa mnunuzi. Yalijaa uvunguni na kwenye kona za sebule, mkewe akiyakwaa vidole kila alipopita, mpaka Bibi Shamba wa mtaa ule, mtaalamu wa kilimo, alipoendesha mafunzo ya kulima mboga bila udongo. Meneja alikwenda kupoteza muda tu, akarudi macho yanawaka.

Walipanga juu, kwenye nyumba ya chumba na sebule iliyojengwa kando ya paa la zege. Paa hilo ndilo lililokuwa uwanja wao: hapo walianika nguo, hapo walipunga upepo, na hapo sasa mabeseni yalikuwa yamepangwa kwa safu, kila moja limefunikwa kwa ubao mweupe wa povu gumu, kama ule unaokuja na televisheni mpya. Ubao ulitobolewa matundu, kila tundu limeshika kikombe, na kila kikombe kimeshika mche. Juu majani, chini mizizi ikining'inia ndani ya maji yaliyotiwa mbolea. Mabeseni mengine yalikuwa ya saladi, mengine ya spinachi.

Kulikuwa pia na pampu, mota ndogo ya kupuliza hewa, ya zile zinazowekwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Mipira myembamba ilitoka kwenye pampu ikaingia kila beseni, na ikiwashwa, maji yote yalifanya mapovu kama sufuria inayoanza kuchemka. Lakini ikiwashwa ilinguruma pia. Na chini ya zege lile, usawa wa pale ilipokaa, ndipo palipokuwa chumba cha kulala cha mwenye nyumba, ambamo mke wake mgonjwa alikuwa hatoki siku hizi.

Alirudishwa kutoka hospitali akiwa nusu ya alivyokwenda. Kichwa kilimuuma asivumilie mlango kubamizwa. Mwenye nyumba alipanda ngazi siku moja, akasimama kwa adabu kando ya kamba ya nguo, akasema, "Bwana, sina ugomvi na mboga zako. Lakini ile mashine inamwingia mgonjwa wangu kwenye meno." Wakakubaliana iwashwe kidogo asubuhi na kidogo jioni. Meneja aliona ni jambo dogo. Mapovu aliyahesabu kama mbwembwe za mafunzoni. Maji si yapo?

Kwa hiyo asubuhi hii alimsikiliza mama mkwe. Alichota ndoo baada ya ndoo, akajaza kila beseni mpaka maji yakagusa ubao na vikombe vikaloa mpaka shingoni. Akajifuta jasho, akasema, "Haya, kunyweni basi."

"Umefanya la maana," mama mkwe akasema. "Kesho utanishukuru."

Kesho yake spinachi nazo zikalala.

*

Mpishi wa hoteli iliyokuwa barabara ya pili alikuwa na desturi ya kuja mwenyewe kuchukua mboga. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa miguu, na alipenda kusifia. Wiki zote zilizopita alipanda ngazi akiwa tayari ameshaanza: "Meneja, wageni wangu wanauliza saladi hii inatoka nchi gani!" Meneja alikuwa akitabasamu, akijifanya hakusikia vizuri ili arudiwe kuambiwa.

Safari hii mpishi alifika juu, akanyamaza. Aliinama juu ya beseni la kwanza, akainua jani kwa vidole viwili, jani likaning'inia. Akalirudisha pale alipolitoa, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu dukani asionekane ameharibu.

"Zimepigwa na jua?" aliuliza.

"Jua la juzi lilikuwa kali," Meneja alidakia, akashukuru kupewa sababu. "Jioni zitasimama."

"Mimi nina wageni mchana."

"Zipo chache kule mwisho. Nikuchagulie?"

Mpishi alitazama kule mwisho, akamtazama Meneja, na katika kutazama kule Meneja aliona huruma, akaichukia kuliko ambavyo angeuchukia ukali. "Ndugu yangu," mpishi alisema kwa upole, "nikiweka hii mezani, mgeni hatauliza jina lako. Atauliza langu." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliongeza, "Nitapita tena wiki ijayo. Nitapita tu, nione." Akashuka na kikapu chake kikiwa kitupu, akikibeba upande wa ukutani, majirani wasikione.

Mama mkwe aliyasikia yote kutoka ndani. Hakusema kitu. Hilo nalo lilimuuma Meneja, maana mwanamke yule hakuwa na desturi ya kunyamaza.

Mkewe aliporudi jioni kutoka kwenye nyumba ya dobi alikokuwa akipiga pasi, alimkuta amekaa kwenye kigoda, ameshika tama. Mikono ya mkewe bado ilinukia mvuke na sabuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akainua ubao upande mmoja, akachungulia chini.

"Wewe," aliita. "Hebu njoo unuse."

Meneja alikuja. Harufu ilimpiga kabla hajainama: harufu ya chombo cha maua kilichosahauliwa. Mizizi ambayo kwenye mafunzo walionyeshwa nyeupe, imechanua kama ndevu za mzee, ilikuwa ya kahawia. Mkewe aliishika kidogo tu, ngozi yake ikachubuka ikabaki vidoleni, telezi kama kamasi.

"Imeoza," alisema.

"Naona."

"Ndani ya maji yote haya."

"Naona, mke wangu."

"Mpigie Bibi Shamba."

Meneja alikuna kichwa. Siku ya mwisho ya mafunzo Bibi Shamba aliwaambia wapige simu wakipata shida yoyote, lakini Meneja alitoka mle kifua mbele akiwaambia wenzake kwamba yeye, aliyesimamia mitambo, hawezi kushindwa na beseni. "Nitampigia kesho," alisema.

Mkewe alifuta vidole kwenye kanga yake, akaenda kuchukua simu ndani, akabonyeza mwenyewe, akamwekea sikioni. "Inaita," alisema.

*

Bibi Shamba alikuja kesho yake, begani mkoba, miguuni viatu vya mpira vilivyokaukiwa na matope ya shamba jingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuzungumza na watu walio mbali. Aliinua mbao zote, moja baada ya nyingine, akanusa, akatumbukiza kidole majini kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto.

"Ya moto haya," alisema. "Na nani aliyejaza mpaka juu hivi?"

Mama mkwe alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisicho na makohozi, akaingia ndani.

"Mimi," Meneja alisema. "Nilidhani zina kiu."

"Kila mtu hudhani hivyo. Sikiliza, kaka. Hizi hazikukosa maji. Zimezama." Aliona uso wake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaongea polepole. "Mzizi nao unavuta pumzi. Kwenye udongo kuna vijitundu vya hewa, mzizi unajipatia humo. Kwenye maji hauna pengine pa kuipata ila ndani ya maji hayohayo, na maji yanabeba oksijeni kidogo tu. Yakipata joto yanabeba kidogo zaidi. Mizizi ikiimaliza, inakosa nguvu ya kunywa. Ndiyo maana unaona mmea umekufa kiu huku umesimama mtoni."

"Kumbe yale mapovu..."

"Yale mapovu ndiyo kazi yenyewe. Hukuyawasha?"

Meneja alitazama zege chini ya miguu yake. "Asubuhi kidogo na jioni kidogo. Kuna mgonjwa chini."

Bibi Shamba naye alilitazama zege lile. Kisha akamweleza la kufanya. Amwage maji yote. Akate mizizi iliyooza, abakize ile yenye weupe. Atie maji mapya ya baridi, lakini yafike chini tu, mizizi ya juu ibaki inaning'inia kwenye hewa yenye unyevu chini ya ubao, maana hiyo nayo itajifunza kuvuta pumzi. Atundike shuka jeupe juu ya mabeseni lipunguze jua. "Na hewa," alimalizia. "Hii mizizi imebaki michache na inaumwa, haiwezi kungoja. Mchana kutwa, maji yasitulie. Spinachi nyingi zimeshakwenda, sitakudanganya. Saladi unaweza kuziokoa ukianza leo."

"Mchana kutwa," Meneja alirudia.

"Zungumza naye huyo wa chini. Watu huelewana."

*

Alioga kwanza. Alivaa shati aliloliweka kwa ajili ya usaili wa kazi, akashuka ngazi akijipangia maneno. Angeanza na salamu, kisha hali ya mgonjwa, kisha angesema: mzee wangu, hii ndiyo riziki yetu, mke wangu anapiga pasi mpaka mgongo umepinda, siku chache tu, tuvumiliane. Yalikuwa maneno mazuri. Aliyarudia mpaka mlangoni.

"Hodi."

"Karibu. Vua viatu tu, karibu."

Mwenye nyumba alimpitisha sebuleni bila kusimama, akamfungulia mlango wa chumbani, kana kwamba mgeni yeyote aliyekuja siku hizi hana pengine pa kwenda ila huko. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Palinukia dawa ya kuchua. Mwanamke aliyekuwa kitandani, ambaye Meneja alimzoea akiwa na sauti ya kufukuza paka uani, alikuwa amefunika macho kwa kitambaa kibichi. Kwenye kiti kando ya kitanda palikuwa na blanketi na mto; hapo, bila shaka, ndipo mumewe alipokuwa akilala.

"Shikamoo, mama," Meneja alinong'ona.

"Marahaba, baba. Wa juu?"

"Mimi, mama."

"Mnaendeleaje na majani yenu?"

"Yanaendelea, mama."

"Siku hizi nasinzia kidogo mchana," mgonjwa alisema, na midomo yake ikasogea upande, ikawa tabasamu. "Mungu awabariki kwa kukizima kile kitu."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu na kabati. Alimtazama Meneja, akatazama lile shati. Alikuwa mtu mzima, alijua shati kama lile mtu halivai kwa ajili ya kushuka ngazi tu. "Umekuja kwa habari ya mashine?" aliuliza.

Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Meneja aliyahisi. Kisha akayasikia yakirudi chini, moja moja.

"Hapana, mzee," alisema. "Nimekuja kumjulia hali mama."

*

"Umemwambia?" mkewe aliuliza. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, mabeseni nusu yameshamwagwa na kutiwa maji mapya.

"Sikumwambia."

"Hakuwepo?"

"Yupo. Wote wapo. Sikuweza."

Mkewe alisimama wima, maji yakimdondoka viwikoni. "Nilikwambia nini kabla hujashuka? Nilikwambia usiende kama unajua utaona aibu, nitakwenda mimi."

"Si aibu."

"Ni nini basi? Tutakula huruma? Tutaitia chumvi tuitafune?"

"Nenda wewe," Meneja alisema, bila hasira. "Ingia mle chumbani, umwone alivyolala, halafu mwombe. Ukiweza, mimi nitakupigia magoti."

Mkewe alishuka kweli ngazi hatua kadhaa, akasimama pale katikati mkono ukiwa ukutani. Sauti ya mwenye nyumba ilisikika kwa mbali, akimsomea mgonjwa jambo fulani gazetini kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. Mkewe alipanda tena. Hakusema lolote juu ya magoti. Aliingia jikoni akatoka na jagi la plastiki.

"Alisema maji yasitulie," alisema. "Hakusema lazima yachezwe na umeme."

Akafunua ukingo wa ubao wa beseni la kwanza, akachota jagi zima, akalinyanyua mpaka usawa wa kifua, akayaachia maji yaanguke. Yalishuka kama kamba, yakatoboa maji ya chini, mapovu yakaruka pande zote. Akachota tena.

"Utachoka," Meneja alisema.

"Nikichoka utapokea. Una mikono, au umeivaa tu na hilo shati?"

Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaweka sinia kando, akasogeza kigoda karibu na beseni la pili na kudai jagi lake. "Mimi ndiye niliyeziua," alisema, akimtazama mkwe wake moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu Bibi Shamba alipokuja. "Nipe nami nizifufue. Na usidhani nakuomba radhi, nakuomba jagi."

Meneja alikwenda kuvua shati.

*

Siku zile nyumba nzima iliishi kwa zamu, na Meneja, ambaye zamu ndiyo ilikuwa taaluma yake, alizipanga. Mkewe alichota kabla ya kwenda kazini, shingo imekakamaa, macho bado na usingizi. Mama mkwe alichukua asubuhi, akiimba nyimbo za kulimia ambazo nusu ya maneno yake alikuwa ameyasahau, akijazia kwa matusi madogo madogo aliyozitukania saladi. "Kunywa pumzi, mvivu wewe. Ulizaliwa majini unakufa majini, huoni haya?" Mchana wenye jua kali ulikuwa wa Meneja. Alikwenda beseni hadi beseni chini ya shuka jeupe, akichota, akiinua, akimwaga, na bega likimwaka moto alibadilisha mkono.

Alitahadhari na kelele. Mwanzoni alimwaga akiwa amejikunyata, akisikiliza kama mlango wa chini utafunguka. Haukufunguka. Akamwambia mama mkwe apunguze kuimba, mama mkwe akasema sawa, akaimba vilevile.

Spinachi hazikupona. Walizing'oa wote pamoja jioni moja na kuzitupa kwenye kiroba, na mkewe alipokifunga mdomo alikifunga kwa nguvu kupita ilivyohitajika. Saladi kadhaa nazo zilikwenda njia hiyohiyo. Zilizobaki zilikaa siku mbili tatu bila kuonyesha upande zinaoegemea, wa uhai au wa kifo, mpaka asubuhi moja mama mkwe akapiga yowe. Meneja alitoka mbio, mswaki mdomoni. Mama mkwe alikuwa amenyanyua mche mmoja juu kabisa, kama mkunga. Katikati ya masalia ya kahawia ilikuwa imechomoza mizizi mipya, mifupi, myeupe kama meno ya mtoto.

"Tazama!" alisema. "Tazama, mwanangu!"

Hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "mkwe", au "wewe", au, akiwa na hasira, "mume wa mtu fulani". Meneja alitoa mswaki mdomoni akatazama.

Hata hivyo mabega yao yalikuwa ya binadamu, na wiki ilikuwa inakwenda. Meneja alijua jagi halitaweza kulea mabeseni yote yakijaa tena. Akairudia pampu. Siku moja mchana aliiwasha kwa muda mfupi tu ili aone kama mipira haijaziba, akaiinua kutoka sakafuni kuichunguza, na mngurumo ukakatika. Alidhani imezimika. Akatazama majini: mapovu yalikuwa yanatoka kama kawaida. Akaiweka chini, ikanguruma. Akaiinua, ikanyamaza, ikabaki kutetema tu kiganjani kama kifaranga.

"Haipigi kelele yenyewe," alimwambia mkewe jioni. "Inalipigisha zege. Kule kiwandani mashine zetu zote zilikaa juu ya mpira, na mimi nikaenda kuibwaga hii juu ya dari ya mgonjwa."

Walikata mpira wa ndani wa baiskeli ukawa mikanda, wakaitundika pampu kwenye nguzo ya kamba ya nguo, ikaning'inia hewani bila kugusa kitu. Kisha Meneja akashuka tena chini, safari hii akiwa na fulana yake ya kawaida, akamweleza mwenye nyumba alichokifanya. "Sikuombi ukubali," alisema. "Nakuomba usikilize. Ukisikia hata kidogo, naizima, sitairudia."

Mgonjwa alikuwa macho. Wanaume wawili walisimama kando ya kitanda chake, shingo zimeinuliwa kuelekea darini, kama wanaotafuta panapovuja.

"Washa!" Meneja aliita dirishani kwa sauti ya kujizuia.

"Nimewasha!" mkewe alijibu kutoka juu.

Wakasikiliza. Gari lilipita mbali. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga sebuleni.

"Bado hujawasha," mwenye nyumba alisema dirishani.

"Nimeshawasha, mzee!"

"Basi haifanyi kazi."

"Inafanya! Njoo uone mapovu!"

Mgonjwa aliondoa kitambaa machoni. Aliwatazama wale wawili walivyokuwa wamekodoa dari, kifua chake kikaanza kutikisika, na ilimchukua mumewe muda kutambua kuwa anacheka. "Mtoke," alisema. "Mtoke chumbani kwangu, mnanitia kizunguzungu. Iacheni iwake."

*

Mpishi alipita kama alivyosema. Saladi zilikuwa chache na ndogo, lakini zilisimama. Aliinua jani, jani likabaki limenyooka mkononi mwake. "Nitachukua hizi za mbele," alisema. "Za nyuma ziache zikue." Hakuuliza zimetoka nchi gani. Meneja hakuyahitaji maneno hayo. Alizichomoa mwenyewe na mizizi yake, akazifunga kwenye gazeti lenye maji, akamkabidhi, na mpishi alipofika chini alisikika akimwambia jirani mmoja, "Nimetoka kwa Meneja," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Pampu ilikuwa ikitetema kwenye mikanda yake mchana kutwa. Majagi yalirudi jikoni. Mkewe alilala asubuhi mpaka saa yake ya kawaida, mama mkwe akarudia mchele wake, na Meneja akagundua kuwa hakuwa na la kufanyia mikono yake ila kukanda bega.

Siku ya pili ya ukimya ule, alasiri, walisikia nyayo ngazini. Nyayo nzito, za mtu anayepumzika kila baada ya hatua chache. Mama mkwe aliacha kuchambua. Mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, alishika shuka kifuani. Mwenye nyumba alitokeza, akashika nguzo ya kamba, akasubiri pumzi imrudie.

Meneja alikuwa ameshaunyoosha mkono kwenye swichi. "Inasikika, mzee? Nazima sasa hivi. Ngoja."

"Hapana, hapana. Iache." Mwenye nyumba alitazama huku na huku, kwenye mabeseni, kwenye shuka jeupe, kwenye kigoda cha mama mkwe, kama mtu aliyetumwa kitu asichokifahamu jina. Alionekana kuona haya kidogo. "Nimetumwa," alisema. "Mama anauliza, mbona siku hizi maji hayasikiki?"

"Maji?"

"Yale ya kumwagika. Mchana. Anasema yalikuwa kama mvua ya mbali, na kuna mtu alikuwa anaimba. Anasema ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi." Alikohoa. "Nimemwambia labda kazi imekwisha. Akasema nije niulize tu."

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuinuka. Alijipangusa makombo ya mchele mapajani, akaingia jikoni, na alipotoka alikuwa na majagi mawili, moja mkononi, jingine akamtupia mkwe wake aliyelidaka kwa kifua.

"Mwambie kazi haijaisha," Meneja alimwambia mwenye nyumba.

Akafunua ukingo wa ubao. Saladi hazikuyahitaji maji yale. Mapovu yalikuwa yakipanda pande zote, ya kutosha na kubaki. Akachota jagi, akalinyanyua usawa wa kifua, akayaachia maji taratibu yarudi besenini, karibu na ukingo wa paa, juu ya dirisha la mgonjwa lililokuwa wazi. Mwenye nyumba alisimama akasikiliza kidogo, kisha akaanza kushuka ngazi kwa uangalifu, mkono ukutani, asipige kelele.